Lori la Mizigo ni Sehemu ya Ulinzi wa Taifa

Askari akiulizwa nchi yetu inalindwa kwa nini, upesi atajibu kwamba inalindwa kwa bunduki, kwa nidhamu na kwa umoja wa wananchi. Jibu hilo ni la kweli, lakini halijatimia. Nchi isiyokuwa na pwani hulindwa pia kwa magurudumu. Petroli inayoendesha magari yetu ya doria, dawa zilizomo katika zahanati za kambi, vipuri vya mitambo, mbolea ya mkulima, ngano ya mkate na nguo za watoto wetu, sehemu kubwa ya vitu hivyo huingia Uganda vikiwa mgongoni mwa lori. Lori hilo likisimama kwa juma moja tu, soko huanza kulalamika. Likisimama kwa mwezi, taifa zima huyumba.

Leo twataka kuzungumza na askari wenzetu wa jeshi na wa polisi juu ya lori hilo, juu ya dereva wake na mwenye mali, na juu ya sisi wenyewe ambao hukutana nao kila siku barabarani. Maoni yetu ni haya: usafirishaji wa mizigo kwa barabara ni kikosi cha ugavi cha taifa zima, na mtu ye yote mwenye sare anayekichelewesha kikosi hicho bila sababu ya kisheria anaidhoofisha nchi aliyoapa kuilinda. Tutaeleza kwa nini twasema hivyo.

TULIKOTOKA

Zamani mzigo wa Uganda ulikuwa wa reli. Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, na ilipofika mwaka 1931 ikaingia Kampala yenyewe. Kwa miaka mingi pamba, kahawa na shaba ya Kilembe vilikwenda pwani kwa behewa, na chumvi, mabati na mashine vikarudi kwa njia ile ile. Lori lilikuwa mtumishi mdogo wa reli. Kazi yake ilikuwa kuchukua mzigo stesheni na kuupeleka dukani, au kuutoa shambani na kuufikisha stesheni.

Kisha ukaja mwaka 1976. Uhusiano kati ya serikali ya Idi Amin na Kenya ukaharibika, mafuta yakazuiwa njiani, na wananchi wakajifunza kwa uchungu maana ya kuwa mbali na bahari. Mwaka uliofuata, 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na Shirika la Reli la Afrika Mashariki likagawanywa vipande vipande. Uganda ikabaki na injini chache, mabehewa machache, na karakana isiyoweza kufanya kazi zote zilizokuwa zikifanywa Nairobi. Huku nyuma magendo yakashamiri. Kahawa yetu ikavushwa mpakani usiku kwenda Chepkube, ikauzwa kwa faida ya watu wachache, na hazina ya taifa ikabaki tupu. Wazee wetu waliokuwa jeshini siku zile wanakumbuka kwamba baadhi ya malori yaliyobeba magendo yalipita mbele ya askari, na askari wakatazama pembeni.

Serikali za ukanda huu zilipoona hatari ya kutegemea njia bila ya mkataba, zilitia saini Mkataba wa Ukanda wa Kaskazini mwaka 1985, ili mzigo wa nchi zisizo na bandari upite Kenya kwa haki na si kwa hisani. Lakini mkataba ni karatasi. Amani ndiyo wino wake. Mnamo Desemba 1987 risasi zilirushwa kati ya pande mbili za mpaka wa Busia, na barabara ikafungwa. Mwanzoni mwa mwaka 2008, ghasia zilizofuata uchaguzi wa Kenya zilipopamba moto, reli iling'olewa pale Kibera, malori yakazuiwa njiani, na bei ya petroli mjini Kampala ikaruka. Mara zote hizo Uganda iliumia. Ilibanwa koo kwa mbali.

Reli nayo haikupona. Mwaka 2006 ilikabidhiwa kwa kampuni ya binafsi pamoja na ile ya Kenya, na mwaka 2017 mkataba huo ukavunjwa bila ya matumaini yaliyoahidiwa kutimia. Hivyo, hatua kwa hatua, yule mtumishi mdogo wa reli akawa bwana. Leo zaidi ya asilimia 90 ya mizigo ya nchi hii husafiri kwa barabara.

HALI ILIVYO

Kutoka Mombasa hadi Kampala ni kiasi cha kilometa 1,170. Njia ya kusini, kutoka Dar es Salaam kupitia Mutukula, ni ndefu zaidi, lakini ni akiba njema siku ile ya kwanza inapozibwa. Magari ya mafuta huchukua petroli na dizeli Eldoret na Kisumu, mahali bomba kutoka pwani linapoishia, kisha huvuka Malaba na Busia. Kutoka Kampala msafara huendelea: magharibi kwenda Mbarara, Katuna na Mpondwe, kaskazini kwenda Gulu na Elegu. Kwa hiyo lori linalopita mbele ya kituo chako huenda halikubeba mzigo wa Uganda peke yake. Yaweza kuwa linapeleka unga Juba, saruji Beni, au dawa Kigali. Sisi tu njia ya majirani zetu kama vile Kenya na Tanzania zilivyo njia yetu.

Yako mambo mema ya kusifiwa. Tangu mwaka 2014 ushuru wa bidhaa nyingi hulipwa kabla mzigo haujaondoka bandarini, chini ya utaratibu wa eneo moja la forodha. Mutukula, Busia na Malaba zina vituo vya pamoja vya mpakani, ambamo maofisa wa nchi mbili hukaa chini ya paa moja, na dereva husimama mara moja badala ya mara mbili. Serikali zetu zilitangaza wakati ule kwamba safari ya kutoka Mombasa hadi Kampala, iliyokuwa ikichukua siku 18, ilishuka hadi siku 4 hivi. Mwaka 2018 daraja jipya la Jinja lilifunguliwa, likapumzisha lile la bwawa la Nalubaale lililokuwa limebeba mzigo wote wa mashariki tangu mwaka 1954.

Lakini yako pia mambo yanayotia wasiwasi, nasi hatuoni fahari ya kuyaficha.

Kwanza, barabara zetu kuu ni chache, na nyingi hazina mwenziwe. Mnamo Mei 2023 mto Katonga ulifurika ukakata barabara ya Kampala kwenda Masaka. Kwa siku hizo mzigo wote wa kusini-magharibi, pamoja na ule wa Rwanda na Kongo, ulizungushwa kupitia Mpigi na Sembabule, katika njia ambazo hazikujengwa kwa ajili ya matrela. Mwaka 2024 daraja la Karuma lilipofungwa kwa matengenezo, malori ya kaskazini nayo yakalazimika kuzunguka. Kwa macho ya mwanajeshi, nchi ambayo daraja moja likikatika mkoa mzima hubaki pembeni ni nchi yenye ubavu wazi.

Pili, wenye malori wa Uganda wengi wao ni watu wa gari moja, mawili au matatu. Mtu huuza ng'ombe na kiwanja, akachukua mkopo ambao riba yake mara nyingi hukaribia asilimia 20 kwa mwaka, akanunua kichwa cha lori kilichokwisha tumika Ulaya. Gari hilo likilala siku tatu mpakani, benki hailali. Likipasuka magurudumu mawili, faida ya safari imekwisha. Ndiyo sababu ukisimama Malaba na kuhesabu namba za magari yanayoingia na shehena ya Uganda, utaona kwamba sehemu kubwa si za Uganda. Majirani zetu wana makampuni makubwa yenye magari mengi na karakana zao wenyewe, na tena wako karibu na bandari. Hatuwaonei wivu, wanafanya kazi yao. Lakini wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Taifa lisilo na malori yake lenyewe litapata shida kubwa siku ndugu atakaposema kwamba leo hana nafasi.

Tatu, mzigo wenyewe haulingani. Vitu tunavyoingiza ni vizito na vingi kuliko vile tunavyopeleka nje. Kwa hiyo lori huja limejaa na mara nyingi hurudi pwani tupu, na anayelipa nauli ya kurudi tupu ni mwananchi anayenunua bati na sabuni. Kila gunia la kahawa, kila shehena ya maziwa ya unga au ya mahindi yaliyokaushwa vizuri inayopata nafasi katika lori linalorudi, hupunguza bei ya kitu kingine kinachoingia. Hapa mkulima na dereva ni washirika, ingawa hawajuani.

Nne, dereva mwenyewe hana heshima inayomstahili. Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, sote tulitakiwa kukaa nyumbani. Yeye alitakiwa kuendelea. Alipimwa mpakani, akasubiri matokeo siku kadhaa katika foleni ya kilometa nyingi bila choo wala maji, na alipofika mjini akaitwa mleta ugonjwa. Mnamo Januari 2022 madereva waligoma kwa sababu ya amri na gharama za vipimo hivyo pale Malaba na Busia. Siku chache tu za mgomo zikatosha kukausha vituo vya petroli, na mahali pengine bei ya lita ikafika mara mbili ya ile ya kawaida. Wale waliokuwa hawajui thamani ya dereva waliijua juma lile.

MIZANI NA HESABU YAKE

Yapo makosa ambayo ni ya wenye malori wenyewe, na kubwa kupita yote ni kuzidisha uzito. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 imeweka kikomo cha tani 56 kwa gari lenye ekseli saba, na kila ekseli imepewa kipimo chake. Wapo wanaodhani kwamba mizani ya Busitema, Magamaga au Lukaya ni mtego wa kuwatoza watu fedha. Sivyo. Wahandisi hufundisha kwamba uharibifu wa barabara hauongezeki sawasawa na uzito, bali huongezeka kwa kipeo cha nne. Maana yake ni kwamba ekseli iliyoruhusiwa tani 10, ikibebeshwa tani 12, huiumiza lami zaidi ya mara mbili. Na ikibebeshwa tani 20, huiumiza mara 16. Mfanyabiashara aliyeongeza mifuko michache ya saruji amepata faida ya safari moja, na taifa limepata shimo la miaka mitano.

Askari aliyewekwa mizani, basi, hakupewa kazi ndogo. Analinda mali yenye thamani ya mabilioni. Akipokea noti na kulipitisha gari lililozidi, ameuza kipande cha barabara ambacho si chake. Na siku gari la wagonjwa litakapovunjika ekseli katika shimo hilo, hatajua kwamba shimo lile alilichimba mwenyewe.

VIZUIZI BARABARANI

Sasa tumefika mahali panapotuhusu zaidi, nasi tutasema bila ya kuzungukazunguka.

Vizuizi vingine ni vya lazima. Nchi yetu imepigana na maadui waliosafirisha silaha ndani ya magunia, na hata leo wapo wanaoficha pembe za ndovu, watu wanaouzwa, na bidhaa zilizokwepa ushuru. Polisi anayesimamisha gari kwa sababu ana habari, akalikagua kwa haraka, akaandika namba, jina na saa katika kitabu, kisha akaliachia, ametimiza wajibu wake, na dereva mwaminifu humshukuru.

Lakini kipo kizuizi cha namna nyingine. Hakina amri ya mkubwa ye yote, hakina kitabu, wala hakitafuti cho chote isipokuwa mfuko wa dereva. Hapo taniboi hushuka na karatasi iliyokunjwa, ndani ya karatasi mna noti, na mkono wenye sare huipokea. Hakuna neno linalosemwa. Mambo haya yanajulikana na kila mtu, na kuyanyamazia hakuliongezei jeshi heshima wala hakuipunguzii polisi aibu.

Hebu tufanye hesabu ya mfano. Tuseme dereva ametoa shilingi 10,000 katika vizuizi kumi kati ya Malaba na Mpondwe. Hizo ni shilingi 100,000. Mwenye gari hazitoi mfukoni mwake. Huziongeza katika nauli. Mwenye mali huziongeza katika bei ya jumla, naye huweka na faida yake juu ya gharama hiyo. Mwenye duka hufanya vivyo hivyo. Mwisho wa njia yuko mke wa koplo, ananunua sabuni na mafuta ya kupikia karibu na kambi kwa mshahara ule ule wa mwezi uliopita. Yule askari aliyepokea 10,000 barabarani amezitoza familia za askari wenzake, na ya kwake imo.

Hasara ya fedha, hata hivyo, si hasara iliyo kubwa kuliko zote. Kubwa zaidi ni kwamba kizuizi kinachonunuliwa hakizuii kitu. Mnamo Mei 2023 Rais alitoa amri ya kupiga marufuku biashara ya makaa kutoka kaskazini, ili misitu iliyobaki isiteketee. Lori la makaa likipita usiku kwa sababu limelipa, amri ya Amiri Jeshi Mkuu imevunjwa na mtu aliyevaa sare yake. Na ikiwa makaa yanaweza kulipa na kupita, ni nani atakayetuhakikishia kwamba baruti haiwezi? Adui hana haja ya kupigana na kituo ambacho bei yake inajulikana.

Twawakumbusha wenzetu pia jambo moja la kazi. Magari mengi ya mizigo inayopita kwenda nchi nyingine yamefungwa kufuli za elektroniki, utaratibu ambao Mamlaka ya Mapato iliuanza mwaka 2014. Mwendo wa gari hilo huonekana katika chumba cha ulinzi cha forodha, na kufuli likifunguliwa njiani taarifa hufika mara moja. Askari mwenye shaka juu ya gari la namna hiyo hana sababu ya kuvunja kufuli wala kuliweka gari siku nzima. Amwite ofisa wa forodha, na kazi ifanywe mbele ya wote wawili. Hiyo ndiyo sheria, na ndiyo kinga ya askari mwenyewe asije akasingiziwa wizi.

BARABARA NA USALAMA

Mtu asifikiri kwamba twawalaumu askari tu. Vikosi vyetu vimefanya makubwa kwa ajili ya barabara, na historia itaviandika. Mnamo Julai 2016 mapigano yalipozuka Juba, msafara wa jeshi letu uliingia kwa njia ya Nimule na kuwatoa raia wetu, wengi wao wafanyabiashara na madereva. Barabara ile ya kilometa 192, iliyotiwa lami mwaka 2012, ndiyo mshipa wa biashara yetu na Sudan Kusini, na madereva kadhaa wameuawa humo. Mwaka 2021 waligoma pale Elegu, wakakataa kuvuka mpaka wapewe ulinzi. Hawakudai anasa, walidai kurudi nyumbani wakiwa hai.

Upande wa Kongo, mnamo Juni 2021 marais wa nchi mbili walizindua pale Mpondwe ujenzi wa barabara za jumla ya kilometa 223: Kasindi hadi Beni, Beni hadi Butembo, na Bunagana kwenda Goma kupitia Rutshuru. Operesheni Shujaa ilipoanza mwishoni mwa Novemba 2021, kulinda wahandisi na mitambo yao ikawa sehemu ya kazi. Askari na greda wakaenda pamoja. Lakini Bunagana ilipotekwa na waasi wa M23 mnamo Juni 2022, kipande kile cha tatu kilikwama. Fundisho liko wazi: pasipo amani hakuna lami, na pasipo lami amani haina miguu. Wafanyabiashara wa Kabale waliona pia, kati ya Februari 2019 na Januari 2022, jinsi kufungwa kwa mpaka wa Katuna kulivyoathiri magari na masoko ya Kabale, hata pasipo vita.

Kwa askari wa usalama barabarani tuna neno la pekee. Mnamo Oktoba 2024, pale Kigoogwa nje ya Kampala, gari la mafuta lilianguka, watu wakakimbilia kuchota petroli, moto ukalipuka, na zaidi ya watu kumi wakapoteza maisha. Si mara ya kwanza, na tusipojipanga haitakuwa ya mwisho. Gari la mafuta likianguka, kazi ya kwanza ya polisi au mwanajeshi aliye karibu ni kuwafukuza watu mbali, hata kwa ukali, kabla ya kushughulika na mali. Anayemwacha raia achote kwa huruma amemhurumia vibaya.

MATARAJIO YETU

Wako wanaouliza: Je, reli mpya itakapokuja, lori halitakufa? Oktoba 2024 serikali ilitia saini mkataba na kampuni ya Yapı Merkezi ya Uturuki wa kujenga reli ya kisasa ya kilometa 272 kutoka Malaba hadi Kampala. Sisi tunaifurahia habari hiyo, maana jeshi lo lote hupenda kuwa na njia mbili za ugavi badala ya moja. Lakini reli hiyo itapata nguvu zake zote tu itakapoungana na ile ya Kenya, iliyofika Naivasha mwaka 2019. Zaidi ya hayo, reli haifiki shambani Isingiro, wala haipandi milima ya Kisoro, wala haingii soko la Arua. Itachukua kontena na mafuta ya safari ndefu, na lori litarudi katika kazi yake ya awali: kukusanya, kusambaza, na kuvuka mipaka ambako reli haipo. Mwenye lori mwenye busara asingoje reli imshtue. Aanze sasa kutafuta kazi ya maziwa, ya samaki, ya nafaka na ya saruji, yenye safari fupi na faida ya haraka.

Ili haya yawezekane, wenye malori hawana budi kuungana. Mtu mwenye gari moja hawezi kujadiliana na benki wala na kampuni kubwa ya meli. Watu mia wenye magari mia wanaweza. Tena wako wenzetu wanaostaafu jeshini na polisi wakiwa na ujuzi wa kuendesha na kutengeneza magari mazito, ujuzi ambao taifa liligharamia. Tunavyo vyama vyetu vya akiba na mikopo, Wazalendo kwa wanajeshi na Exodus kwa polisi. Badala ya kila mstaafu kununua gari bovu peke yake na kulizika mwaka wa pili, kwa nini wastaafu kumi wasinunue magari matano mazuri pamoja, wakaweka hesabu, bima na karakana moja? Nidhamu waliyoizoea ndiyo mtaji ambao wafanyabiashara wengi wanautafuta bila kuupata.

Serikali nayo inaombwa mambo machache: madaraja ya akiba mahali ambapo njia ni moja, kama Katonga, mahali pa kupumzika madereva penye choo, maji na ulinzi, na mikopo ya riba nafuu kwa raia wanaonunua malori. Kampuni ya Taifa ya Mafuta ilipopewa jukumu la kuagiza mafuta ya nchi nzima mwaka 2024, ilikuwa hatua ya kujitegemea. Hatua ya pili ni kuwa na akiba ya mafuta ya kutosha ndani ya nchi, na magari yetu wenyewe ya kuyasafirisha. Akiba haiozi.

Na sisi tulio na sare tunaombwa jambo moja tu, ambalo halihitaji bajeti wala mkopo: tusiwe mzigo juu ya mzigo. Mkuu wa kituo ajue kila kizuizi kilichomo katika eneo lake, nani amekiagiza, na kwa muda gani. Kile kisicho na jibu kiondolewe leo hii. Askari akisimamisha gari, aeleze sababu, atumie lugha ya heshima, aandike, aachie. Dereva akiletewa matata na majambazi usiku, aione taa ya kituo cha polisi kama mahali pa kukimbilia, asiione kama malipo mengine yanayomngoja. Siku dereva atakapolipungia mkono gari la doria kwa furaha na si kwa hofu, tutajua kwamba ulinzi wa nchi hii umeongezeka, ingawa hatukununua hata bunduki moja.

Kwa ajili ya Mungu na nchi yetu.